Tumaini la Kurudi kwa Masihi katika Nchi ya Mto Tana: Historia ya Garissa na Mipaka Yake

Mtu asomaye tarehe ya dini katika Afrika ya Mashariki aghalabu huupita mji wa Garissa kwa haraka, akidhani kwamba nchi ile ya Wasomali, ambayo wenyeji wake ni Waislamu tangu zama za mababu, haina la kusema juu ya itikadi za Wakristo, sembuse juu ya itikadi iliyozaa ikhtilafu nyingi kuliko nyingine, yaani tafsiri ya unabii wa kurudi kwake Yesu. Dhana hiyo si sahihi. Kwa muda wa zaidi ya karne moja na nusu, nchi zilizo kaskazini ya Mto Tana zilitajwa katika sala na katika hisabu za watu waliokaa Ujerumani, Uingereza, Uswidi na Marekani, kwa kuwa waliamini kwamba mwisho hautafika mpaka Injili ihubiriwe kwa mataifa yote, na mataifa ya nchi hizi yalihesabiwa katika yale yaliyobaki nyuma kabisa. Hapa twaeleza jinsi tumaini hilo lilivyozaliwa, lilivyofika kwenye kingo za Tana, lilivyozuiwa mpakani, na jinsi nchi yenyewe ilivyoligeuza. Maana lilikuja likiwa na hisabu ya miaka, likakaa likiwa kesha lisilo na hisabu.

Usuli wa ahadi

Kitabu cha Matendo ya Mitume chasimulia kwamba wanafunzi walipomwuliza Yesu kama wakati wa kuurudisha ufalme umewadia, waliambiwa mambo mawili pamoja: kwamba kuzijua nyakati si kazi yao, na kwamba watakuwa mashahidi wake hata mwisho wa nchi. Mambo hayo mawili yamo pia katika sura ya 24 ya Injili ya Mathayo, ambamo aya ya 14 yasema kwamba Injili itahubiriwa kwa mataifa yote kabla ya mwisho, na aya ya 36 yasema kwamba siku na saa ile hakuna aijuaye ila Baba. Baina ya aya hizo mbili, moja itumayo watu kwenda na moja ikatazayo kuhesabu, ndipo ilipopita historia yote ya itikadi hii.

Shida ilianza mapema. Yapata mwaka 50, Wakristo wa Thesalonike walikuwa na yakini kwamba Bwana yu mlangoni, hata baadhi yao wakaacha kazi zao, na mtume Paulo akalazimika kuwaandikia kwamba kila mtu ale chakula alichokitolea jasho. Katika karne ya pili Montano wa Frigia na wafuasi wake waliutazamia Yerusalemu mpya ushuke katika nchi yao, nao hawakuuona. Ikhtilafu hizo zilipotishia kulivunja Kanisa, alitokea mwanachuoni wa Afrika ya Kaskazini, Augustino askofu wa Hipo, aliyefariki mwaka 430, akafundisha kwamba ile miaka elfu iliyotajwa katika Ufunuo wa Yohana si muda utakaokuja kuhesabiwa kwa kalenda, bali ni zama hizi zenyewe za Kanisa. Fundisho lake likatawala Magharibi karne nyingi, na Wakatoliki waliokuja Garissa baadaye sana walikuja nalo.

Mwaka 1844 na watu wawili

Baada ya Matengenezo ya Waprotestanti hisabu zilifufuka. Katika nchi ya Württemberg, kusini ya Ujerumani, mwanachuoni Johann Albrecht Bengel, aliyefariki mwaka 1752, alipiga hisabu ya tarakimu za Danieli na Ufunuo, akaona kwamba mwaka 1836 ndio utakaokuwa mwaka wa mageuzi makubwa ya dunia. Watu wachamungu wa huko walimwamini. Wengine walihama, na wengine mwaka 1819 wakaanzisha kijiji cha Korntal, karibu na mji wa Stuttgart, ili waishi kwa utaratibu wa watu wanaomngojea Bwana wao. Mwaka 1836 ukapita, na Masihi hakuja. Lakini watu wale hawakuacha kungoja. Walihamisha bidii yao kutoka kwenye hisabu kwenda kwenye safari, wakiona kwamba ikiwa siku haikufika, basi huenda kazi ya kuyafikia mataifa haijatimia.

Katika nchi hiyo hiyo alizaliwa, mwaka 1810, Johann Ludwig Krapf. Alipofukuzwa Ethiopia mwaka 1842 alikuwa amekwisha kuazimu moyoni kwamba Waoromo, waliokuwa wakiitwa Wagala zama hizo, ndio taifa litakaloifungua Afrika kwa Injili, na kwa kuwa njia ya kaskazini ilizibwa, alitafuta njia ya kuwafikia kutoka pwani ya kusini. Akapokewa na Sultani Seyyid Said huko Unguja, akapewa barua, na mwaka 1844 akakaa Mombasa. Mwezi Julai mwaka huo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki, wakazikwa ng'ambo ya kisiwa. Msiba huo haukumrudisha nyuma, maana mtu huyo aliuona mlolongo wa vituo vya misheni ukivuka bara lote kutoka mashariki hata magharibi, na makaburi kuwa ni sehemu ya njia.

Mwaka huo huo wa 1844, katika Marekani, maelfu ya wafuasi wa mkulima William Miller walikesha usiku wa tarehe 22 Oktoba wakitaraji kumwona Bwana akishuka, na alfajiri ikawakuta wakilia. Kutoka katika masalio yao lilizaliwa Kanisa la Waadventista wa Sabato, ambalo mwaka 1906 lilianza kazi Gendia, katika nchi ya Wajaluo. Watu hawa wawili, Miller na Krapf, hawakujuana, lakini mwaka wao mmoja waonyesha njia mbili ambazo tumaini lile lile laweza kuzishika. Mmoja alitafuta tarehe. Mwingine alitafuta taifa lisilofikiwa. Na taifa alilolitafuta Krapf lilikuwa likichunga ng'ombe wake mbali ndani, kwenye kingo za Mto Tana.

Kuupanda mto, 1862–1914

Krapf mwenyewe hakuwafikia Waoromo wa Tana kwa kazi ya kudumu, ila mawazo yake yaliwatuma wengine. Mwaka 1862 aliwaongoza Wamethodisti wa Uingereza, akiwamo Thomas Wakefield, kufungua kituo cha Ribe, na nia yao tangu mwanzo ilikuwa kufika kwa Wagala. Ilipita zaidi ya miaka ishirini kabla hawajapata kituo Golbanti, kwenye Tana ya chini, na mwaka 1886 mmisionari John Houghton na mkewe wakauawa hapo katika shambulio la Wamasai. Mwaka uliofuata, Wajerumani wa Misheni ya Neukirchen walifika Ngao, katika nchi ya Wapokomo, wakajifunza Kipokomo, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, akalifasiri Agano Jipya kwa lugha hiyo. Waswidi nao, ambao chama chao kiliwahi kupokea shauri la Krapf juu ya kuwaendea Waoromo, walifungua kazi Kismayu mwaka 1896, katika Jubaland, wakakaa miongoni mwa Wasomali mpaka serikali ya Italia ilipowafukuza mwaka 1935.

Yafaa tutazame sababu iliyowasukuma watu hawa kukubali homa, kiu na mikuki, kwa matunda machache namna ile. Misheni kama ya Neukirchen, zilizokuwa zikiitwa misheni za imani kwa kuwa hazikuwapa watu wake mshahara maalumu, zilikua katika hali ya mawazo yaliyobadilishwa na mwalimu wa Kiayalandi John Nelson Darby, aliyefundisha tangu miaka ya 1830 kwamba dunia haitakuwa njema zaidi kwa maendeleo yake yenyewe, bali Masihi atarudi kwanza, ndipo ufalme wa miaka elfu uanze. Mtu aaminiye hivyo hana nafasi ya kungoja. Haoni maana ya kujenga dola ya Kikristo polepole, ila aona haja ya kupeleka ushuhuda mbio kwa kila kabila, hata kama watakaoitika ni wawili watatu. Ndiyo maana Peter Cameron Scott, aliyefika Mombasa mwezi Oktoba 1895 na kundi dogo la Africa Inland Mission, alikusudia mstari wa vituo toka pwani hata Ziwa Chad. Scott alifariki Nzaui mwezi Disemba 1896, asitimize hata mwaka na nusu, lakini misheni aliyoianzisha ikapata makao Kijabe mwaka 1903, na ndiyo iliyozaa Kanisa la AIC ambalo jina lake lingekuja kuandikwa kwa damu mjini Garissa.

Hata hivyo kwenye Tana mwendo ule ulisimama njiani. Wapokomo wa chini, walio karibu na bahari, wengi wao walikuwa Wakristo. Wapokomo wa juu, walio upande wa Garissa, walikuwa Waislamu. Mto mmoja ukawa na dini mbili, na vita viwili vya dunia vilipowaondoa Wajerumani, kazi yao ya Ngao ikaingia mikononi mwa Wamethodisti, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupanda zaidi.

Mpaka uliofungwa, 1902–1963

Kilichouzuia mwendo huo zaidi ya Uislamu kilikuwa ni sheria. Serikali ya Kiingereza mwaka 1902 ilijipa uwezo wa kufunga wilaya za mbali, na hatimaye nchi yote iliyoitwa Northern Frontier District, au NFD, ikawa nchi ambayo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Maafisa waliichukulia kuwa ngao ya kulinda nyanda za juu za walowezi. Hawakutaka shule nyingi, wala biashara nyingi, wala wahubiri wa kuwaudhi watu wa dini nyingine. Katika miaka ya 1930 chama cha kimisioni cha BCMS, cha Waanglikana waliojitenga na chama cha CMS mwaka 1922 kwa ikhtilafu juu ya mamlaka ya Maandiko, kilipata nafasi Marsabit, lakini upande wa Garissa, Wajir na Mandera mlango ulibaki umefungwa. Basi kwa miaka sitini nchi ile ikawa kwa wasomaji wa Mathayo 24:14 ni jina tu katika orodha ya mataifa yasiyofikiwa, jina la kuombewa na watu wasiowahi kuiona.

Lakini walioombewa hawakuwa watu wasio na habari za Masihi. Wasomali na majirani zao wa Tana walikuwa na matarajio yao wenyewe, yaliyopokewa kutoka kwa maulamaa: ya kwamba Nabii Isa mwana wa Mariamu hakufa msalabani, bali alipaishwa, ya kwamba karibu na Kiyama atashuka, atamwua Dajali, atatawala kwa uadilifu, kisha atakufa na kuzikwa, na ya kwamba kabla yake kutakuwa na Mahdi, na baada ya Dajali kuuawa Yajuji na Majuji watafunguliwa. Kwa hiyo mhubiri aliyetaraji kuwakuta watu wasiojua mwisho wa dunia angekuta wazee waliokwisha kuzungumza habari hizo tangu utoto, wakimngoja yeye yule Mwana wa Mariamu, ingawa kwa sababu nyingine na kwa sura nyingine. Ikhtilafu baina yao ilikuwa kubwa, kwa maana ilihusu yeye ni nani na alitenda nini. Lakini haikuwa ikhtilafu kwamba anarudi. Jambo hili maafisa hawakulitambua, na misheni za mbali ziliutazama Uislamu kama ukuta wa kuvukwa zaidi kuliko kama majirani wanaongoja.

Kanisa la wageni, 1963–1991

Uhuru uliufungua mlango kwa namna ambayo hakuna mfasiri wa unabii aliyeitabiri. Wasomali wengi wa NFD walitaka kuungana na Somalia, hawakukubaliwa, na mwishoni mwa mwaka 1963 hali ya hatari ikatangazwa, vita vya waasi walioitwa shifta vikaendelea mpaka mapatano ya Arusha ya mwaka 1967, na sheria za dharura zikabaki mpaka mwaka 1991. Pamoja na askari walikuja makarani, walimu, wauguzi na wafanyabiashara kutoka bara, wengi wao Wakristo, nao wakaanza kusali majumbani na katika kambi, hata makanisa yakajengwa. Kwa hiyo Injili iliyokuwa imengojwa ifike kwa mashahidi watakatifu wa Neukirchen au Kijabe ilifika ikiwa imevaa nguo za serikali, katika nchi iliyokuwa na majeraha ya serikali hiyo hiyo. Sababu hii moja yaeleza mengi ya yaliyofuata, maana mwenyeji aliyeonewa na askari hakuwa na njia rahisi ya kumtenga askari na msalaba.

Kanisa Katoliki lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1976 Garissa ilifanywa jimbo dogo la kimisioni, na mwaka 1984 ikawa dayosisi kamili chini ya Askofu Paul Darmanin, Mkapuchini kutoka Malta. Mapadre wake, warithi wa Augustino katika jambo hili, hawakupiga hisabu ya miaka. Walikiri katika Kanuni ya Imani kwamba Kristo atarudi kwa utukufu, kisha wakachimba visima, wakafungua shule na zahanati kwa watu ambao walijua hawatabatizwa. Katika mambo ya nje walionekana hawana haraka. Lakini tukiitazama tafsiri yao kwa makini twaona kwamba nayo ni kungoja, ila kungoja kunakohesabu sadaka badala ya siku.

Miaka ya ishara, 1991–2011

Wakati huo huo upepo mwingine ulivuma kutoka nje. Kusimama kwa dola ya Israeli mwaka 1948 na kutekwa kwa Yerusalemu ya mashariki mwaka 1967 kuliwafanya wahubiri wengi wa Marekani waamini kwamba saa ya unabii imeanza kugonga, na kitabu cha Hal Lindsey cha mwaka 1970 kikaueneza ujumbe huo duniani. Vitabu, kanda, na baadaye televisheni, vikauleta Nairobi, na kutoka Nairobi ukasafiri kwa basi hata Garissa. Hatari yake katika nchi hii ilikuwa maalumu. Wafasiri wa namna ile hupenda sura ya 38 ya Ezekieli, itajayo jeshi la Gogu pamoja na Kushi, na huweka mataifa ya Kiislamu ya leo katika safu ya adui wa mwisho. Mkristo wa Nairobi aweza kuyasoma hayo bila kumdhuru mtu. Lakini mwalimu wa Garissa, ambaye mwenye nyumba wake, mwuza maziwa wake na wanafunzi wake wote ni Wasomali, akiyakubali atakuwa amewageuza jirani zake kuwa askari wa Gogu kabla hawajamtendea neno.

Mwaka 1991 dola ya Somalia ilianguka, na makambi ya Dadaab yakajaa wakimbizi, wakiwamo baadaye Wakristo kutoka Ethiopia na Sudan waliojenga vibanda vya kusalia. Vita, ukame, na njaa ya mwaka 2011 vilikuwa mbele ya macho ya kila mtu, na ni mambo yayo hayo yaliyotajwa katika Mathayo 24. Wengi waliyasoma kuwa ishara za mwisho. Lakini waliofanya kazi kambini walijifunza upesi kwamba mtoto mwenye njaa huhitaji uji kabla ya kuwa ishara ya kitu chochote.

Damu na ulinzi, 2012–2016

Kisha ikaja mitihani. Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012 watu wenye silaha walishambulia kanisa la AIC na kanisa kuu la Katoliki mjini Garissa, na watu wapatao 17 wakauawa katika lile la AIC. Mwezi Novemba 2014 abiria 28 walitolewa katika basi huko Mandera wakauawa, na siku chache baadaye wachimba mawe 36. Alfajiri ya Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga Waislamu na Wakristo, wakaanza na Wakristo waliokuwa katika sala ya alfajiri. Watu 148 walipoteza maisha, wengi mno wakiwa wanafunzi.

Siku kama hizo humlazimisha mwamini aulize maana. Kulikuwa na wahubiri mbali na Garissa waliosema kwamba dhiki kuu imeanza, na kwamba kinachobaki ni kuhesabu na kukimbia. Walimu na watumishi wengi walikimbia kweli, na hakuna awezaye kuwalaumu. Lakini kuna mambo mawili ambayo hayakuingia katika ramani ya yeyote aliyemwona Msomali kuwa wa upande wa Gogu. Baada ya mashambulio ya Julai 2012 viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watayalinda makanisa. Na mwezi Disemba 2015, katika basi lililotekwa njiani kwenda Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi Januari 2016 kwa majeraha yake. Mwezi huo huo chuo kikuu kilifunguliwa tena. Hisabu ya mwisho wa dunia isiyokuwa na nafasi ya mtu kama Salah Farah ni hisabu iliyokosa, hata kama tarakimu zake zimetoka katika Danieli.

Shakahola na fundisho lake

Mwaka 2023, kusini ya Tana, katika msitu wa Shakahola ulio bara ya Malindi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa mujibu wa walionusurika, waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Miaka ishirini na mitatu kabla yake, mwezi Machi 2000, mamia walikuwa wameangamia Kanungu, Uganda, katika dhehebu lililotangaza mwisho wa dunia. Ni njia ile ile ya wale wa Thesalonike walioacha kazi, iliyofuatwa mpaka ukingoni: mtu akiisha kuamini kwamba aijua saa, humwona mtoto, shamba na jirani kuwa mizigo ya kutuliwa.

Tukiyaweka pamoja Shakahola na Garissa, yaliyo katika eneo moja la nchi na yaliyotokea ndani ya miaka minane, twaona dhahiri kwamba wafuasi wa Shakahola na Wakristo wa Garissa walikuwa wakimngoja Bwana yule yule kwa Maandiko yale yale. Kilichowatenga si wingi wa imani, wala elimu ya tafsiri. Wa Shakahola walishika hisabu. Wakristo wa Garissa waliobaki walipokonywa kila hisabu, wakajua tu kwamba Jumapili ijayo watasali na Jumatatu watafungua darasa. Wale waliotoka Korntal, Ngao na Kijabe walidhani kwamba kufika kwao katika nchi hii kutamaliza idadi ya mataifa na kuharakisha siku. Nchi ikawafundisha warithi wao kwamba ushuhuda kwa taifa si neno la kusemwa mara moja kisha mtu akaondoka, bali ni kukaa, kuzika, kusamehe, kufundisha watoto wa jirani, na kukubali kulindwa naye.

Kwa hiyo anayetaka kujua unabii wa kurudi kwake Yesu husomwaje vema, asiishie kwenye vitabu vya wale wapigao hisabu mbali na hatari. Aende pia kwa Wakristo wachache wa Garissa, ambao kwao swali la atarudi lini limekwisha kupoteza makali, na swali lililobaki ni atatukuta tukitenda nini. Swali hilo ndilo alilolijibu Paulo kwa Wathesalonike, ndilo lililoachwa wazi usiku wa Oktoba 1844, na ndilo ambalo kila kizazi cha Wakristo wa nchi hii, tangu Golbanti hata leo, kimelazimika kulijibu kwa maisha yake.